Sauti Inayoita Mezani

Kila jioni, saa kumi na mbili na nusu, mwanamke aliyefariki miaka kumi na tisa iliyopita aliwaita watu wawili mezani.

"Niseme nini mimi? Hebu njooni mle, chakula kinapoa."

Ilikuwa nadra akose, labda umeme ukatike. Binti yake aliitika kutoka chumbani, "Tunakuja, mama!" kisha akanawa mikono na kuja. Baba hakuitika, maana yeye ndiye aliyebonyeza kitufe, na chakula chenyewe kakipika yeye. Wakakaa, wakala, wakasimuliana ya kutwa, na hakuna aliyeona ajabu. Kitu umekizoea tangu una miaka mitatu, utakionaje ajabu?

Wengine waliona. Msoma mita mmoja alifika saa hizo, akakaribishwa sebuleni asubiri kidogo. Akasikia sauti ya mama mwenye nyumba, akasimama kwa adabu ili amsalimie, akangoja, hakutokea mtu. Akamwuliza binti, "Mama yuko jikoni?" Binti akamjibu hana hili wala lile, "Mama alikufa zamani." Yule bwana akaaga mlangoni tayari viatu vikiwa mkononi. Mwezi ule mita ya nyumba ile ilikisiwa tu.

Mtaani baba huyu walimwita Fundi Kelele, na jina hilo hakulipata bure. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa karakana: meza mbili ndefu, taa yenye shingo ya kukunja, harufu ya risasi ya kuunganishia waya iliyoyeyuka, na rafu zilizojaa kompyuta za zamani, zile za nyumbani ambazo mashine yote imo ndani ya kibodi na unazichomeka kwenye televisheni. Usicheke, wanaozipenda bado wapo. Walimtumia kwa vifurushi kutoka mbali, zimeviringishwa katika nguo kuukuu, na kijibarua juu yake: Fundi, nifufulie. Naye alizifufua. Zikiamka zilipiga miluzi, zikakoroma, zikalia, na jirani wa upande wa pili wa ukuta akasonya mpaka basi.

Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote ni kijisanduku cha kunasia sauti, alichokiunda mwenyewe mwaka aliooa, ndani ya kasha la sabuni. Upande mmoja kilikuwa na tundu la maikrofoni. Upande wa pili kulitoka utepe wa waya ulioingia mgongoni mwa kompyuta. Juu yake palikuwa na swichi ya kuzungusha, kama ile ya kuongezea sauti redioni. Kazi yake si ngumu kueleza. Kiliikata sauti vipande vidogo mno, maelfu kwa sekunde, kikakipa kila kipande namba, na kompyuta ikazikariri namba hizo. Ukitaka kusikia, namba zilisomwa kwa mpangilio uleule. Kumbukumbu ya mashine zile ilikuwa finyu, sekunde sita tu ilijaa.

Swichi ndiyo iliyoamua mwendo: mwendo wa kukata, na mwendo wa kusoma. Ukinasa kwa mwendo mmoja na kusoma kwa mwingine, mtu si yule tena. Ukizidisha, analia kama kifaranga. Ukipunguza, anakuwa mzito, mpole, mwenye subira zake. Ndiyo maana kila fundi wa mambo hayo aliyejiheshimu, akishanasa tu, aliandika namba ya swichi kwenye karatasi ya diski. Fundi Kelele aliwahi kumfokea mteja, mtu mzima na heshima zake, kwa kumletea diski isiyo na namba. "Hujaandika mwendo? Sasa humu ndani kuna nani, mimi nitajuaje?"

Haya. Diski ya mke wake mwenyewe haikuwa na namba.

Ilikuwa Jumapili moja mchana. Mke alikuwa ameshaita mara mbili watu waje kula, na mara ya tatu akaja mwenyewe mpaka mlango wa karakana, mwiko mkononi. Fundi akamsogezea maikrofoni. "Sema kitu." Mke akasema alichosema. Fundi akacheka, akaihifadhi sauti kwenye diski, akaandika jina la mke juu ya karatasi, na namba akasema ataiandika akishakula. Akala. Mtoto akalia, akambeba. Mgeni akaja. Namba haikuandikwa siku ile wala siku nyingine, na kwa wiki kadhaa kijisanduku kilikuwa kikinasa mbwa, mifuniko ya sufuria na bomba linalodondoka, swichi ikizungushwa huku na huko. Miezi mitatu baadaye homa ya siku nne ikamchukua mke.

Wageni wa msiba walipoondoka, Fundi alijifungia karakanani na ile diski. Swichi ilikuwa imesimama pasipojulikana, basi akaanza kuitafuta sauti kwa sikio. Alipoipeleka kulia, pakatokea mahali ambapo moyo ulimruka. Mwanamke alisema maneno yale haraka haraka, mkavu, mtu aliyeita mara tatu na kuchoka kuita. Fundi akaondoa mkono kama aliyeungua. Wiki ya mwisho kabla ya homa waligombana, na ugomvi ulikuwa juu ya kijisanduku hikihiki. "Umenioa mimi au umeoa hilo sanduku?" Siku ya pili yake hawakusemeshana. Siku ya tatu kichwa kikaanza kumuuma mke.

Akarudisha swichi kushoto, kidogo. Mwanamke akalainika. Akarudisha tena kidogo. Sasa aliita taratibu, sauti ya chini, kama hana kinyongo na mtu yeyote duniani. Fundi akainama juu ya kibodi akalia mpaka akakwama pumzi. Akajiambia: ndiye huyu. Hakuigusa swichi tena kwa miaka kumi na tisa, na kila alipoifuta vumbi aliifuta kwa ncha ya unyoya.

Je, alijua kuwa mwendo ule si wake? Alijua. Usiku na mchana alijua, ila kuna kujua ambako mtu hukuweka mbali, akapita pembeni yake kila siku bila kukutazama. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeolewa mbali, alikuja kuwatembelea mara tatu katika miaka hiyo. Mara zote tatu mashine ilikuwa kabatini, imefungwa kwa ufunguo. "Imeharibika, shemeji, nasubiri kifaa." Fundi huyo, aliyewafufulia watu wote mashine zao!

Binti alilelewa na sauti ile. Alikuwa mtoto mwenye hasira za karibu, mdomo haulali, akikasirika hata paka anahama. Na baba yake, kila alipomkanya, alimalizia palepale: "Ukali huu umeutoa wapi wewe? Mama yako alikuwa mpole kupita kiasi. Msikilize mwenyewe." Mtoto alisikiliza, akaona haya. Akiwa darasa la tano alimpiga mwenzake shuleni kwa rula, na jioni ile alipoitwa mezani hakuitika. Baba alimkuta chini ya kitanda. "Siendi," alisema, "mama anajua nilichofanya." Fundi alimtoa kwa maneno matamu, akamlisha kwa mkono, na yeye mwenyewe usiku ule hakupata usingizi.

Sasa binti ana miaka ishirini na miwili, amepata kazi ya kupima ardhi, mbali, safari ya siku mbili, na ataondoka Jumamosi. Mabegi mawili yalisimama koridoni. Baba alimwuliza anataka nini cha kuchukua, sufuria, shuka, pasi ya zamani.

"Sitaki pasi," binti akasema. "Nitilie mama kwenye simu. Huko nitakuwa nakula peke yangu, baba. Angalau mtu aniite."

"Nitakutilia," Fundi akasema, na akaona fahari, hasa.

Alhamisi shemeji akaja kumuaga mtoto wa dada yake. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anayeingia nyumbani kwa watu huku anaongea tangu getini. Akamkumbatia binti, akamzungusha, akamwambia amekonda, akauliza nani atamlisha huko porini. Fundi alikuwa sokoni. Laiti angekuwa nyumbani, mashine ingekuwa kabatini. Binti, kwa furaha yake yote, akamshika mkono mgeni akamwingiza karakanani.

"Mama mdogo, kaa hapa. Kuna mtu nataka umsikie."

Fundi alirudi na kikapu na kuikuta sauti inamalizia, "...chakula kinapoa," taratibu, kwa upole wake wote. Shemeji alikuwa ameketi wima, mikono magotini. Uso wake haukuwa umebadilika hata kidogo.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mama," binti akasema, akicheka.

"Mama yupi?"

Kicheko kikamkauka binti. "Mama yangu. Dada yako."

"Mwanangu, nimelala kitanda kimoja na dada yangu miaka kumi na minne. Huyu simjui." Kisha akamwona Fundi mlangoni. "Shemeji, nani huyu umemweka humu? Umempa mtoto mama wa kubuni?"

Fundi akaweka kikapu chini. Akasema spika ni mbovu. Akasema mashine za zamani hazina uwezo. Akasema miaka mingi imepita na masikio ya watu husahau. Alisema mengi, na kila alichosema kilimtoka kwa sauti ya juu kuliko cha kwanza, mpaka akaishiwa. Shemeji hakubishana. Alisema tu, "Dada yangu hakuwa hivyo," akaenda kuvua viatu.

Binti alibaki. "Baba. Ni yeye au si yeye?"

"Ni yeye. Maneno ni yake, pumzi ni zake."

"Sikuulizi maneno." Ule ukali sasa. "Keshokutwa naondoka. Nimwitikie nani huko? Niambie ukweli, nimekuwa nikimwitikia nani?"

Basi hapo hapakuwa tena na pa kupita pembeni. Fundi akavuta kigoda, akaketi chini ya macho ya mwanawe, akamweleza kila kitu: Jumapili ile, namba isiyoandikwa, ugomvi, swichi aliyoirudisha kushoto kwa sababu hakustahimili kukemewa na marehemu. "Niliogopa," akasema. "Nilitaka anisamehe, na swichi ilikuwa mkononi mwangu." Binti hakumfokea, na Fundi aliona afadhali angefokewa.

"Mwendo wa kweli unaweza kujulikana?" binti akauliza.

Hapo ndipo penye aibu ya fundi. Unaweza kujulikana. Siku zote ungeweza.

Kijisanduku kile alikiunda vibaya kidogo, waya wake wa ardhi haukushika sawasawa, kwa hiyo kilinasa na mvumo wa umeme wa nyumba. Kila ulichonasa, chini yake kulikuwa na mngurumo mwembamba, mmm, unaotoka ukutani. Na umeme wa ukutani una mwendo mmoja tu. Haukimbii kwa furaha wala haupungui kwa msiba. Ulivyovuma Jumapili ile ndivyo unavyovuma leo. Mvumo wa diski ukilingana na wa leo, basi na sauti iko kwenye mwendo wake. Kabla mke hajasema neno, kulikuwa na karibu nusu sekunde ya ukimya. Kwa desturi yake Fundi alikuwa akikata ukimya wote kuokoa nafasi ya kumbukumbu. Wa diski ile hakuwahi kuukata. Pale mke alikuwa anavuta pumzi.

Ijumaa asubuhi walikaa wote watatu karakanani. Fundi alichukua redio mbovu yenye mvumo, akaiwasha ili spika yake iimbe umeme wa leo. Kisha akaiambia kompyuta irudie ule ukimya tu, tena na tena, bila kufika kwenye maneno. Sauti mbili zikavuma pamoja, hazikupatana. Mivumo miwili ikikaribiana bila kulingana hugombana, inapanda na kushuka, wau, wau, wau, na kadiri inavyokaribiana ndivyo ugomvi unavyopungua kasi. Shemeji aliuliza kama hii ni kazi au uganga.

Fundi akaweka vidole juu ya swichi. Ilikuwa imeganda. Akailegeza kwa tone la mafuta, na ilipokubali, ilitoa mlio mdogo na yeye akafumba macho. Akaipeleka kulia. Wau-wau-wau. Kulia tena. Wau... wau. Alijua inakoelekea. Ilikuwa inaelekea mahali palepale ambapo aliondoa mkono kama aliyeungua. Wau... Kidogo tena, kiasi cha unywele. Mivumo ikashikana, ikawa mmoja, chumba kizima kikatulia.

"Hapo," akasema. Akazima redio, akabonyeza kitufe.

"Niseme nini mimi? Hebu njooni mle, chakula kinapoa!"

Sauti ya msichana! Changa, kali, haraka, inayopanda mwishoni. Ilikwisha kabla hawajajiandaa.

"Uuuwi!" Shemeji alikuwa ameshasimama, mikono kichwani. "Ndiye! Jamani, ndiye! Msikie anavyofoka! Hivyohivyo, hivyohivyo alivyokuwa, angekuita mara ya tatu ungejuta! Rudia, shemeji, rudia, nakuomba!" Fundi akarudia. Shemeji alicheka na kulia pamoja, akaisogelea spika, akaiambia nimekuja dada, nimekuja, mbona umekaa kimya miaka yote hii. Akamgeukia binti, akamshika mashavu. "Na wewe waliokuambia ukali huu sio wa kwenu, waje sasa!"

Binti alitabasamu kwa shida. Kumbe hakukosea kitu, kumbe zile hasira zilikuwa na mwenyewe. Alitoa simu yake, akaiweka mbele ya spika, akarekodi mara mbili kwa uangalifu. Akashukuru. Kisha akaanza kulia.

Fundi alimtazama mwanawe, na mwanawe akamtazama. Wote wawili walilijua jambo moja, na hawakuweza kulisema mbele ya mgeni. Yule aliyefoka kwenye spika hawakumjua. Fundi alikuwa amelala naye na kuzaa naye, na sasa alimsikiliza kama mtu anavyomsikia mke wa mwingine akiita kutoka nyumba ya pili. Alijaribu. Alitafuta ndani yake uso uliokwenda na sauti ile, na kila uso uliokuja ulikuja ukizungumza taratibu. Mke wake wa kweli, yeye mwenyewe ndiye aliyemfukuza, kidogo kidogo, kila jioni saa kumi na mbili na nusu, akamweka mwingine. Machozi yakamtoka yasiyo na breki.

Shemeji alipoona wanalia, akafungua mikono yake mipana akawakusanya wote wawili kifuani. "Lieni," akawaambia, "lieni, ni haki yake. Hakuna wa kumsahau mtu kama yule." Nao walilia kweli, kichwa kwa kichwa, kwa uchungu wote. Hawakumwambia wanamlilia nani.

Baadaye shemeji akaenda uani kunawa uso. Walisikia ndoo, kisha maji. Binti akafuta pua kwa kiganja, akauchungulia mlango wa nyuma, akainama karibu na baba yake.

"Baba," akanong'ona, "nirudishie yule. Mara moja tu. Nimuage."

Fundi hakuuliza yule yupi. Akaizungusha swichi kushoto, polepole. Hakuhitaji kuangalia, vidole vilipajua pale mahali. Akabonyeza. Mwanamke akawaita kwa subira yake yote, kwa sauti ile ya chini iliyomtoa mtoto chini ya kitanda, iliyomsindikiza shule, iliyomngojea kila jioni ya maisha yake, na alipomaliza, binti akaweka kiganja juu ya spika.

"Kwaheri, mama," akasema. "Ahsante kwa chakula."

Maji yakakoma uani.

"Mnaongea na nani huko?" shemeji akauliza.

"Hakuna mtu, shemeji," Fundi akasema, na akazima umeme.